Uvimbe kwenye titi kutolewa kwa tundu la sindano: ni tiba kweli? Mbona wa mdogo wangu umerudi?

Mgosi wa Mlalo (#1)

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike, miaka 26, alikutwa na uvimbe titi la kushoto, juu upande wa kwapa. Hauumi, ukiubonyeza unateleza unakwenda pembeni. Daktari hapa nyumbani alichukua kinyama cha kupima, majibu yakaja fibroadenoma, si saratani. Akampa njia mbili: auache wawe wanaupima kwa altrasaundi kila baada ya miezi kadhaa, au apasuliwe utolewe. Binti akakataa zote mbili. Kuuacha hataki, maana usiku halali, kazi yake kuupapasa tu. Kisu hataki, maana ngozi yake ni ya makovu ya kuvimba. Alitoboa masikio akiwa darasa la nne, ndewe moja ikaota nyama ambayo mpaka leo anaificha kwa mtandio.

Shemeji yetu mmoja anaishi nje, akampatia hospitali ya huko inayotoa uvimbe kwa tundu dogo bila kupasua. Familia tukachanga. Alichomwa ganzi ya kawaida, hakupigwa nusu kaputi, yuko macho anaangalia skrini. Jioni ile ile akarudi alikofikia, akala biriani. Titi lilivia damu, likawa la zambarau hadi karibu na kitovu, kisha likapoa. Kovu lenyewe hulioni mpaka akuoneshe.

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Juzi ananiambia kitu kipo tena, palepale. Nikampeleka kwa daktari mwingine. Akashika kwa vidole tu, akasema hizo za tundu ni biashara, apasuliwe.

Maswali mawili: huu upasuaji wa tundu ni tiba au ni kuwavuna wenye nauli? Na kama ni tiba, umerudi vipi?

Jirani Mwema (#2)

Pole mkuu. Naweka kigoda hapa, nasubiri wajuzi.

Nesi wa Ughaibuni (#3)

Nipo kliniki ya matiti Uingereza, mashine ya kutoa uvimbe kwa tundu naifanyia kazi kila wiki, kwa hiyo nianze na hilo la biashara. Ni tiba inayojulikana. Mashine ya kwanza ya aina hii, Mammotome, iliingia hospitali za Marekani katikati ya miaka ya 1990. Wakati ule lengo lilikuwa kuchukua kinyama cha kupima tu. Baadaye madaktari wakaona kwamba wakiendelea kukata, uvimbe mdogo unaisha wote. Huku Uingereza taasisi ya NICE ilitoa mwongozo mwaka 2006 unaokubali njia hii itumike kuondoa uvimbe usio wa saratani.

Inavyokwenda: mgonjwa analala chali, mkono juu ya kichwa. Ganzi inachomwa kwenye ngozi, kisha nyingine ya kutosha nyuma ya uvimbe ili uinuke, uachane na misuli ya kifua. Ngozi inachanwa milimita 3 hadi 5. Sindano nene, takriban milimita 4, inaingia na kulazwa chini ya uvimbe. Ubavuni ina dirisha. Pampu inavuta nyama iingie dirishani, kisu cha ndani kinazunguka na kukata, kipande kinatoka kwa bomba, dirisha linafunguka tena. Mashine inanguruma muda wote, na wengi mlio ndio unaowatisha, maumivu si makubwa. Yaani inaukwangua kidogo kidogo kama mbuzi ya nazi mpaka skrini ioneshe pamebaki patupu. Halafu nesi anakandamiza kwa mkono dakika 10 hadi 15 damu isimame. Plasta, hakuna nyuzi.

Sasa swali la pili. Kinachotoka ni vipande, kwa hiyo hakuna anayeweza kukishika kitu kizima akasema kingo zote zimetoka. Daktari anategemea skrini, na mwishoni skrini imejaa damu na maji ya ganzi. Kipande kinaweza kusalia ukutani, hasa uvimbe ukiwa umezidi sentimita 3. Dau langu ni hilo: masalia yamekua. Ulikuwa na ukubwa gani?

Mzee wa Kibarazani (#4)

Kwa hiyo mashine ya mamilioni ni mbuzi ya nazi inayotumia umeme. Haya, endeleeni.

Dakta wa Zamu (#5)

Niwe upande wa huyo daktari kidogo, maana kwenye nyuzi hizi sisi wa hospitali za mkoa ndio huwa tunakaangwa.

Fibroadenoma ndiyo uvimbe wa titi unaoongoza kwa wasichana na wanawake wa chini ya miaka 30. Nyingi hazihitaji kutolewa kabisa. Ikishapimwa ikathibitika, unaiacha. Nyingine husinyaa zenyewe, na mwanamke akifika ukomo wa hedhi mara nyingi hunywea. Tunatoa ikikua haraka, ikiwa kubwa, ikiuma, au mwenyewe akishindwa kuishi nayo. Kwa hiyo nje alienda kutolewa kitu ambacho pengine kingekaa tu.

Pili, hata kwa kisu si lazima alale nusu kaputi na kovu la reli. Tunachana kwenye ukingo wa duara jeusi la chuchu, kovu linajificha pale rangi zinapokutana. Ganzi ya kawaida, anarudi nyumbani siku hiyo. Mashine ya kunyonya ni nzuri, sibishi, ila sindano yake inatumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa, na bei ya hiyo sindano peke yake inatosha kumfanyia mtu upasuaji wa kawaida hospitali nyingi za umma.

Nilipotofautiana na mwenzangu ni kushika kwa vidole na kuamua. Hapana. Kwa umri wake ni altrasaundi kwanza.

Mgosi wa Mlalo (#6)

Nesi, picha za mwanzo zinasema sentimita 2.4. Daktari, nimekuelewa, ila la ngozi yake ya kuvimba hujaligusa.

Dakta wa Zamu (#7)

Kweli nimeliruka. Kiloidi, yaani hayo makovu ya kuvimba, ni hoja ya maana kwetu Waafrika kuliko vitabu vya Ulaya vinavyoonesha. Ngozi ya kifua ni kati ya zinazoongoza kwa kuyaota. Kwa mtu mwenye historia ya sikio namna hiyo, tundu la milimita 5 lina faida ambayo kwa mwingine ni urembo tu. Hapo nakubali alikuwa na sababu.

Fundi Hadubini (#8)

Subirini kwanza. Mimi ni mtu wa maabara ya patholojia. Vile vipande vilivyotolewa kwa mashine vilipimwa? Ripoti iko wapi?

Mgosi wa Mlalo (#9)

Ripoti ya mwanzo tunayo, ya kinyama cha hapa. Ile ya vipande vya mwisho waliahidi kuituma kwa barua pepe. Haikuja. Tukipiga simu tunaambiwa mhusika wa mafaili yuko likizo.

Mama Nyange (#10)

Likizo tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana! Huyo amestaafu.

Fundi Hadubini (#11)

Ndugu yangu, hiyo ripoti ifuateni kabla ya kubishana kuhusu masalia.

Sababu ni hii. Kuna uvimbe unaitwa filode. Kwenye altrasaundi unafanana na fibroadenoma, ukichukua kinyama kidogo kwa sindano unaweza kusoma fibroadenoma, maana umechota upande mmoja tu. Mwingi si saratani, ila mwingine ni wa katikati na mwingine ni mbaya kabisa. Tabia yake kubwa ni kurudi palepale ulipotolewa. Tiba yake ni kuutoa mzima pamoja na ukingo wa nyama safi kuuzunguka. Ukishaukata vipande, mimi kwenye hadubini sina ukingo wa kuusoma. Naona nyama nyama tu ndani ya kichupa cha formalini.

Kwa hiyo nesi anasema masalia ya fibroadenoma. Mimi nasema huenda haikuwa fibroadenoma tangu mwanzo. Vioo vya hadubini na vile vipande vilivyogandishwa kwenye nta maabara hutunza kwa miaka, waombwe wavisome upya.

Nesi wa Ughaibuni (#12)

Fundi, filode ni adimu na huwapata zaidi walio kwenye miaka ya 40. Usimtishe binti wa watu.

Fundi Hadubini (#13)

Adimu siyo haipo. Na sijasema ndiyo, nimesema ripoti iletwe.

Tabibu Mitishamba Asili (#14)

Poleni sana wapendwa. Uvimbe wa aina yoyote unayeyuka bila sindano wala kisu kwa dozi ya mchanganyiko wa habat soda, mlonge na mizizi saba. Wengi wamepona. Njoo inboksi.

Mama Nyange (#15)

Saba ipi? Mbona hujawahi kuitaja hata mmoja?

Mzee wa Kibarazani (#16)

Akiitaja utaichimba mwenyewe, yeye atakula nini.

Ila nami niseme langu: hilo ni chango. Bibi yangu alikuwa na hayo, yanahama titi hili kwenda lile. Pia mabinti wa siku hizi wanaweka simu kwenye sidiria. Moto wa simu mchana kutwa, utegemee nini?

Shangazi wa Tandika (#17)

Mzee, sisi tumeweka hela, funguo na vitambaa humo tangu enzi za sidiria za mishono, na simu tumeiongeza juu yake. Ingekuwa ndiyo sababu, soko zima la Tandika lingekuwa wodini.

Dakta wa Zamu (#18)

Shangazi kamaliza. Hakuna ushahidi unaoifunga simu, sidiria wala dawa ya kwapa na uvimbe wa titi. Kilicho na ushahidi ni pigo: titi likigongwa sana, mafuta ya ndani yanaweza kufa na kuacha gumba gumu linalomdanganya hata daktari. Na pigo si lazima liwe ngumi. Mashine yenyewe ni pigo. Kwa hiyo wekeni na hilo mezani: huenda kilichopo ni kovu la ndani au mafuta yaliyokufa palepale sindano ilipopita, na uvimbe ulitoka wote.

Mdau wa Kariakoo (#19)

Kwani damu iliyovia haiwezi kuganda ikawa donge? Kasema titi lilikuwa zambarau mpaka kitovuni.

Nesi wa Ughaibuni (#20)

Inaweza, nawaona wengi wanarudi kliniki wakilia uvimbe umerudi kumbe ni donge la damu. Lakini hilo huanza siku chache baada ya mashine na kupungua wiki hadi wiki. Kitu kilichotokea baada ya mwaka mzima titi likiwa safi, hapana. Mafuta aliyoyasema Dakta yanaweza kuchelewa.

Kaka wa Guangzhou (#21)

Nipo China, nakalimani wagonjwa wanaotoka Afrika Mashariki. Huku tundu ni jambo la kawaida, wasichana wanatolewa uvimbe mmoja, miwili, mitatu kwa tundu moja na wanaenda zao. Kuna na wanaoingiza kamera kupitia kwapani, kovu linabaki kwenye mkunjo wa kwapa, mbele titi halina alama. Roboti pia ipo. Na hata saratani changa wananyonya, mtu hakatwi titi. Bongo tumebaki nyuma sana.

Nesi wa Ughaibuni (#22)

Kaka, mpaka kwenye kamera nilikuwa nawe. Kwenye saratani nashuka.

Saratani inatolewa pamoja na ukingo wa nyama nzima, maabara wanapaka wino pande zote kisha wanaangalia kama seli za saratani zimeugusa wino. Vipande vilivyokwanguliwa huvipaki wino ukajua ukingo ulikuwa wapi. Ndiyo maana ikitokea tumenyonya kitu tukidhani ni salama na majibu yakaja saratani, mgonjwa anarudi kwa upasuaji kamili. Na hizo roboti za kuondoa titi, mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba usalama wake kwa saratani ya titi haujathibitishwa.

Kinachokaribia unachosema ni barafu. Sindano inaingizwa katikati ya uvimbe, inapozwa mpaka nyama inaganda, na kwenye altrasaundi unaliona pande la barafu likikua. Kwa fibroadenoma Marekani waliiruhusu tangu 2001. Kwa saratani wameijaribu kwa wanawake wa miaka 60 na kuendelea wenye uvimbe usiozidi sentimita 1.5 na wa aina isiyo kali. Na barafu hainyonyi kitu: nyama inafia ndani, mwili unaila taratibu, uvimbe unaweza kushikika kwa miezi. Aliyeshindwa kulala kwa kupapasa, barafu haimfai.

Kaka wa Guangzhou (#23)

Mimi natafsiri ninachosikia daktari akisema. Labda walisema kinyama cha kupima. Lakini kwenye kamera nimesimama palepale.

Bi Mkubwa wa Kigamboni (#24)

Wanangu, mnasoma sana lakini mnasahau la wazee. Uvimbe wa titi hauguswi, ukiuchokoza kwa sindano unatawanyika. Jirani yetu alikuwa na kauvimbe kadogo, akachomwa sindano ya vipimo, hakumaliza mwaka.

Dakta wa Zamu (#25)

Shikamoo bibi. Nalisikia hili kila kliniki, na wanaolisema si wajinga, wameona kwa macho yao. Ila tazama mpangilio wa matukio: mtu anakaa na uvimbe mwaka, anakunywa dawa za asili, unafika kwapani, ndipo anakuja kwetu. Tunachukua kinyama. Miezi michache baadaye anafariki. Mtaani linalokumbukwa ni sindano.

Seli chache kuonekana kwenye njia ya sindano, hilo lipo na limeandikwa. Lakini waliochukuliwa kinyama hawajaonekana kufa zaidi ya wasiochukuliwa. Bila kinyama hatujui kama ni saratani, wala kama inakula homoni, wala dawa ipi impewe. Tutakuwa tunapiga gizani.

Bi Mkubwa wa Kigamboni (#26)

Marahaba mwanangu. Nyinyi mna vyeti, sisi tuna makaburi.

Shangazi wa Tandika (#27)

Bibi hapo umeua. Ila na mimi nina langu: mama mdogo alikimbia hiyo sindano kwa maneno hayo hayo. Alirudi hospitali titi limetoboka, linatoa harufu, kanga mbili kwa siku. Naye tumemzika. Sasa tumlaumu nani?

Mwalimu wa Zamani (#28)

Kwa wanaodhani kukata kidogo ni kudanganywa: mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted wa Marekani alikuwa anaondoa titi lote, misuli ya kifua na matezi ya kwapani, akiamini ukikata zaidi unaponya zaidi. Dunia ikamfuata kwa miongo mingi. Umberto Veronesi kule Milan na Bernard Fisher Marekani wakathubutu kulinganisha. Matokeo ya miaka 20 ya wote wawili yalitoka 2002: wenye saratani changa waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa titi zima.

Mdau wa Kigoma (#29)

Mwalimu, hiyo "na kupigwa mionzi" umeipitia haraka. Mionzi ni wiki kadhaa mfululizo. Kwa Tanzania ni hospitali chache tu, kama Ocean Road pale Dar au Bugando Mwanza. Dada yangu aliambiwa anaweza kubakiziwa titi. Akahesabu nauli, mahali pa kulala, nani abaki na watoto, akasema katieni mbali. Hakuchagua kwa kuogopa saratani, alichagua kwa kuogopa kulala kwa shemeji Mbagala mwezi mzima.

Dakta wa Zamu (#30)

Umesema kitu ambacho huwa hakiandikwi kwenye faili la mgonjwa.

Mwana wa Old Town (#31)

Salaam kutoka Mombasa. Wenzangu mwazungumza mashine za mbali, nami nina ya karibu. Mwanangu wa kwanza alipokuwa mchanga titi lilipata jipu. Nyanya akabandika majani, likazidi. Zamani jipu la titi lilipasuliwa, likaachwa na kitambaa ndani, kila siku wavutwa kitambaa mayowe mtaa mzima. Mie nilitiwa ganzi, wakaangalia kwa altrasaundi, wakavuta usaha kwa sindano. Nikarudi tena wakavuta uliobaki, pamoja na dawa za viuavijasumu. Mtoto hakuacha kunyonya hata siku moja. Hiyo si tundu dogo pia?

Sasa mbona hakuna aliyeuliza: huyu binti ameolewa? Ana mimba? Anyonyesha?

Mgosi wa Mlalo (#32)

Ameolewa mwezi wa nane. Ana mimba ya miezi mitano. Ina uhusiano?

Mama Nyange (#33)

Toba!

Nesi wa Ughaibuni (#34)

Mgosi, mkuu wangu, ungeanza na hilo. Mimba inabadilisha hesabu yote. Estrojeni, homoni ya kike, ikipanda fibroadenoma hukua. Hata chembe niliyosema imesalia, iliyokuwa imelala haionekani, sasa imepata mbolea. Matiti yenyewe yanajaa tezi za maziwa, kuna uvimbe wa mimba na unyonyeshaji ambao si ugonjwa mbaya, na kuna vifuko vya maziwa.

Mzee wa Kibarazani (#35)

Na sindano za uzazi wa mpango? Mke wangu hilo ndilo analolilaumu.

Nesi wa Ughaibuni (#36)

Sindano ya miezi mitatu haina estrojeni. Atafute mwingine wa kumlaumu, labda mwenye simu.

Fundi Hadubini (#37)

Mimba haijaiondoa filode mezani. Mimba pia haizuii saratani. Wapo wanaogunduliwa wakiwa wajawazito, na wengi huchelewa kwa sababu kila mtu anasema "ni maziwa hayo".

Dakta wa Zamu (#38)

Hapo na mimi. Mgosi, mpeleke altrasaundi wiki hii, haina madhara kwa mtoto. Radiolojia wakiona kitu cha kutilia shaka, kuchukua kinyama kwa sindano ya kawaida ya milimita 2 kunawezekana akiwa mjamzito kwa ganzi ya lidokeini. Mwambieni mchukuaji kuwa ana mimba, kwa sababu titi la mjamzito lina damu nyingi, na mara chache tundu huvuja maziwa kabla ya kufunga. Mashine kubwa ya kunyonya nisingeikimbilia sasa, wala kisu, kama majibu ni salama. Ajifungue, anyonyeshe, ndipo mtazame kimebaki nini.

Na kwa waliosema tumebaki nyuma: Muhimbili radiolojia ya tiba, yaani kutibu kwa kuongozwa na picha, ilianza kufundishwa tangu 2018, madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale wakija kushirikiana na wetu. Vinyama kwa kuongozwa na picha ni kati ya kazi zao. Si kila kitu lazima upande ndege.

Mgosi wa Mlalo (#39)

Nimempigia. Kuna jambo kaniambia ambalo hata mimi sikulijua: mwisho wa ile kazi walimwambia wanamwachia kijichuma ndani ya titi, akasaini.

Mdau wa Kariakoo (#40)

Chipu hiyo. Sasa hivi wanajua alipo.

Mama Nyange (#41)

Wakijua alipo basi wamtumie ripoti.

Nesi wa Ughaibuni (#42)

Hahaha. Ni alama ya titani, milimita chache tu, haina madhara, hata kipimo cha MRI anaingia nayo. Inawekwa ili siku za mbele ijulikane uvimbe ulitolewa wapi. Na hii ni habari njema: kwenye altrasaundi mwambieni atafute hiyo alama. Kitu kipya kikiwa kimeikumbatia alama, ni masalia, au kovu na mafuta ya Dakta, au ni filode ya Fundi. Kikiwa mbali nayo, hata sentimita mbili, basi ule ulitoka na huu ni mwingine kabisa. Wengine huwa na fibroadenoma zaidi ya moja, na vidole vya mtu mwenye hofu haviwezi kupima sentimita mbili.

Fundi Hadubini (#43)

Alama huwa zinahama kidogo, hasa damu ikiwa imevia sana kama alivyoeleza. Usiape kwa alama.

Nesi wa Ughaibuni (#44)

Naapa kwa altrasaundi na ripoti. Umefurahi?

Fundi Hadubini (#45)

Kwa ripoti, ndiyo. Tena kinyama kipya kikichukuliwa kisikae kwenye droo. Shirika la Afya Duniani kwenye mpango wake wa 2021 linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike.

Mdau wa Kigoma (#46)

Siku 60! Hapa kwetu kichupa husubiri basi la kwenda mjini, kisha daktari, kisha karatasi ya kuchapa.

Mgosi wa Mlalo (#47)

Ahsanteni wote. Altrasaundi ni Alhamisi, tumemwambia daktari mpya habari ya mimba na ya alama. Barua ya kuomba ripoti na vioo tumeituma, safari hii shemeji anakwenda mwenyewe mlangoni. Nitaleta mrejesho. Ila binti mwenyewe amesema likitajwa neno kisu anatoka.

Bi Mkubwa wa Kigamboni (#48)

Mwacheni ajifungue kwa amani. Na hiyo sindano mimi bado siitaki.

Mwana wa Old Town (#49)

Mwambie pia asiwe akiubinya usiku kucha. Mie nilijibinya hadi titi likawa jekundu, daktari akadhani ni ugonjwa mwingine.

Kijana wa Mbezi (#50)

Wakuu, nimeusoma uzi wote kimya kimya. Mimi ni mwanaume, nina kitu kigumu nyuma ya chuchu ya kulia, kinauma nikilalia tumbo. Hiyo mashine na sisi tunaruhusiwa?

Dakta wa Zamu (#51)

Kwa kijana, mara nyingi ni tezi ya titi imevimba kwa sababu ya homoni au dawa fulani, na mara nyingi huachwa itulie. Lakini katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, karibu mmoja ni mwanaume, kwa hiyo usikae nacho. Unatumia vidonge vyovyote? Zile poda na sindano za jimu?

Mzee wa Kibarazani (#52)

Au anaweka simu mfuko wa shati.

Mama Nyange (#53)

Kijana, fungua uzi wako. Huu una mwenyewe, na Alhamisi bado haijafika.